Mzee ana Parkinson na anaanguka ndani ya nyumba: tuanze kurekebisha wapi?

Mwana Ngamiani

Wakuu salaam. Naomba ushauri wa wanaoijua hii kazi, na nitashukuru zaidi mkinipa vipimo kabisa.

Mzee wetu ana miaka 74, Parkinson (ule ugonjwa wa kutetemeka na mwili kuwa mzito) mwaka wa sita. Anatumia vidonge vya levodopa na karbidopa mara tatu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 7 mchana, saa 2 usiku. Akili timamu, anatembea mwenyewe, anakaa barazani na wenzake kila siku. Kwa miezi miwili ameanguka mara nne. Mara mbili saa 11 alfajiri, kwenye mlango wa chumba chake akielekea chooni. Mara moja kama saa 6 mchana kwenye kizingiti cha uani. Mara ya nne alipoinuka kwenye kochi baada ya chakula cha mchana.

Nyumba ni ya zamani, hapa hapa Tanga. Kuta za mawe na chokaa, korido katikati yenye upana wa sentimita 95, vyumba huku na huku, kila mlango una pazia. Sakafu ni saruji ya rangi nyekundu. Choo na bafu viko uani, mita 14 kutoka kitandani kwake, sinki la kuchuchumaa. Kizingiti cha uani kina sentimita 12.

Ndugu wamegawanyika. Kuna wanaotaka tununue kiti cha magurudumu, na kuna wanaotaka ahamie Dar kwenye fleti ya kaka, ghorofa ya nne, yenye vigae na choo cha ndani. Kwa kuanzia tuna laki tatu na nusu. Tuanze na nini?

Mnyoosha Viungo

Poleni na kuuguza. Umeandika saa za kuanguka, na hiyo ni nusu ya kazi. Sasa ziweke kando ya saa za dawa. Anameza saa 2 usiku, anainuka saa 11 alfajiri: saa tisa zimepita. Anameza saa 12 asubuhi, anaanguka saa 6 mchana: saa sita zimepita. Mgonjwa wa miaka sita, kidonge cha kawaida mara nyingi humshika saa nne, tano hivi, kisha miguu inaanza kuwa mizito. Mzee wako wa saa 3 asubuhi na mzee wako wa saa 6 mchana ni watu wawili. Nyumba ipimwe kwa huyu wa pili. Mkimkagua akiwa amechangamka barazani mtaona kila kitu kiko sawa, na hapo ndipo familia nyingi hupotea.

Fanya hivi siku tatu kabla ya kutoa hata shilingi: karatasi na saa. Andika kila alipoganda, yaani miguu ilipokwama ghafla akiwa anatembea, alikuwa anaelekea wapi, amebeba nini, nani alikuwa anamsemesha, na dawa ilimezwa saa ngapi. Karatasi hiyo hiyo ndiyo utakayompelekea daktari.

Kuhusu mlango wa chumba. Sisi tunatembea bila kuuwaza mguu. Kwenye Parkinson, sehemu ya ubongo inayouendesha mwendo bila kufikiri imedhoofika. Penye wembamba, penye kugeuka, au sakafu inapobadilika, nyayo zinanata chini huku kifua kinaendelea mbele, basi mtu anakwenda na uso. Pazia linazidisha. Linaficha upande wa pili, linadai mkono mmoja ulisogeze, na pindo lake liko miguuni. Ni kazi tatu kwa mara moja kwa mtu ambaye hata moja inamlemea. Pazia la chumba chake na la mlango wa uani yaondoke leo. Sitara ipatikane kwa kurudishia mlango wenyewe, au pazia likatwe liishie juu ya goti na lifungwe pembeni kwa ndoano muda wote anapokuwa macho.

Kisha mistari. Mstari unaokatiza njia humpa jicho kitu cha kuvuka, na kuvuka kitu ni mwendo wa makusudi, unapita njia nyingine ya ubongo ambayo bado ina nguvu. Upana wa mstari sentimita 5, rangi nyeupe au njano kwa kuwa sakafu yenu ni nyekundu. Nafasi kati ya mstari na mstari ipime kwa hatua yake mwenyewe saa anapokuwa vizuri: mwache atembee hatua sita, weka alama ya chaki penye kisigino kabla hajaanza na penye kisigino cha hatua ya mwisho, gawa urefu huo kwa idadi ya hatua. Wengi huangukia sentimita 40 hadi 50. Anza mita moja kabla ya mlango na uendelee mita moja baada yake. Kosa ninaloliona sana ni kuiishiza mistari kwenye kizingiti, basi mgonjwa naye anaishia hapo hapo. Kosa la pili ni kuchora kwa urefu wa korido, haimsaidii kitu. Anza na chaki siku tatu. Ikimfaa ndipo upake rangi ya mafuta, na uinyunyizie mchanga laini uliochekechwa kabla haijakauka, maana rangi ya mafuta ikilowa huteleza.

Akiganda, asivutwe mkono. Ukimvuta unahamisha kifua na kuacha miguu. Asimame kabisa, anyooke, aegemee kushoto na kulia mara mbili tatu mpaka mguu mmoja uwe mwepesi, kisha apige hatua moja kubwa. Aliye naye asimame ubavuni na aweke mguu wake mbele ya wa mzee auvuke, au ahesabu kwa sauti iliyo sawa: moja, mbili, moja, mbili.

Kugeuka je? Asigeuke papo hapo kwa kisigino. Azunguke kama gari linavyozunguka kipilefti, akipiga hatua. Hiyo inahitaji uwazi wa mita moja na nusu, na korido yenu haina. Basi punguza mahali pa kugeuka: kitanda kikae kiasi kwamba akishuka tayari anautazama mlango. Baiskeli, ndoo na magunia vitoke koridoni vyote.

Kiti cha magurudumu bado. Kwenye sentimita 95 kitapita lakini hakitageuka kuingia chumbani, na miguu isiyotumika hulegea haraka.

Fundi Chuma

Nichukue choo na vyuma, maana mafundi wengi wanaweka kitu kinachong'oka siku ya kwanza ya kushikwa kwa nguvu.

Mkono wa kushikia: tumia bomba la maji la chuma la inchi 1. Kwa nje lina milimita 33 hivi, mkono wa mzee unalizunguka. La inchi 1 na nusu ni nene mno, vidole vigumu havifungi. Urefu kutoka chini ni pale kunapoishia kifundo cha mkono wake ukining'inia, akiwa amevaa viatu vyake, kwa kawaida sentimita 85 hadi 90. Liache bomba sentimita 4 kutoka ukutani. Ukiliacha mbali zaidi mkono unapenya hadi kiwiko akianguka. Ncha zote zikunjwe kuelekea ukutani, ncha iliyo wazi inanasa mkono wa kanzu.

Kwa korido ya 95 weka upande mmoja tu. Chagua upande wa mkono wake wenye nguvu anapotoka chumbani kwenda uani, kwa sababu safari ya kwenda ndiyo ya haraka.

Ukuta wa mawe na chokaa haushiki plagi za plastiki hata kidogo. Lipu inatoka vipande. Toboa ukuta hadi upande wa pili, pitisha bolti ya milimita 10, na upande wa pili weka bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 chini ya nati. Kila sentimita 80 bolti moja. Kabla ya mzee kulishika, mtu mzima mzito aning'inie kwa mikono yote miwili alitikise. Likicheza hata kidogo, rudia.

Choo. Usitoboe kiti cha plastiki. Kile kikalio ndicho kinachoshikilia miguu isitanuke. Ukishakikata tundu, miguu ya nyuma inafunguka sakafu ikilowa na kiti kinapasuka mtu akiwa juu yake. Mwambie fundi wa mageti akutengenezee fremu ya skwea paipu ya inchi 1. Kimo cha kikalio ni sawa na kutoka unyayo hadi nyuma ya goti akiwa na viatu, sentimita 45 hadi 47 kwa mtu wa kimo cha kati. Miguu itanuke kidogo kwenda nje, chini ipate sentimita 55 kwa 55. Mikono ya kuegemea iwe sentimita 20 juu ya kikalio, ifike hadi ukingo wa mbele, kwa kuwa anapoinuka anasukuma akiwa mbele. Juu funga kikalio cha kawaida cha choo cha kukaa. Miguu ya mbele ifungwe sakafuni kwa bolti. Paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili na uzibe ncha za mabomba, chumvi ya pwani huanza kula kwa ndani.

Kuna jambo fremu hizi huwa zinasahauliwa. Kutoka sentimita 45 hadi kwenye sinki, mkojo unaruka na kulowesha sakafu, na hapo umejenga utelezi mpya. Kata kitako cha ndoo ya lita 10, uitundike chini ya kikalio iwe kama mrija mpana unaoishia juu kidogo ya sinki. Inatolewa na kuoshwa.

Ndoo ya maji na kopo visikae chini. Kuinama mbele na pembeni kuchota maji ndiko kunakowaangusha wengi wakiwa wameshakaa salama. Weka ndoo kwenye stuli, mdomo wake uwe usawa wa mkono wa kikalio.

Mlango wa choo ufunguke kwenda nje. Akianguka ndani, mwili wake unauzuia mlango unaofunguka kwa ndani, mtabaki mnasukuma mtu aliyevunjika nyonga. Komeo liwe la kufunguka kutoka nje kwa sarafu au kisu.

Kizingiti cha sentimita 12: mteremko wa kufaa ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo mita 1 na sentimita 44 za zege, juu yake ufagiwe ungali mbichi upate kukwaruza.

Mnyoosha Viungo

Mkuu Fundi, yote nakubali ila mteremko. Ungefaa kwa kiti cha magurudumu. Kwa anayetembea na kuganda, mteremko wa kushuka unamkimbiza: hatua zinakuwa fupi fupi na za haraka, anashindwa kusimama. Ngazi inayoonekana vizuri inamwendea sawa kuliko unavyodhani, kwa sababu ile ile ya mistari. Gawa hizo 12 ziwe ngazi mbili za sentimita 6, kila moja iwe na kina cha sentimita 40 hivi, unyayo mzima ukae. Ukingo wa kila ngazi upakwe rangi nyeupe ya sentimita 5, na bomba la kushikia lianze kabla ya ngazi ya kwanza na lipite ya mwisho.

Fundi Chuma

Sawa, hilo nimelipokea. Ngazi mbili ni saruji kidogo pia, itabaki ya choo.

Mwana Ngamiani

Asanteni sana, mapazia yameshatoka. Nimepima hatua yake, imekuja sentimita 43. Nauliza mawili. Ile ya kuanguka baada ya chakula hakuganda, alisema macho yaliingia giza. Na ile ya alfajiri, tumwamshe mapema tumpe dawa? Kuna jirani pia amemletea unga wa upupu, anasema unatibu kutetemeka.

Nesi wa Zamu

Macho kuingia giza baada ya chakula ni presha kushuka, usiichanganye na kuganda. Parkinson huharibu mishipa ya fahamu inayokaza mishipa ya damu mtu anapoinuka, levodopa yenyewe huishusha presha, na baada ya mlo damu nyingi huenda tumboni. Mlo mkubwa wa wali mchana, joto la Tanga, halafu kochi la kuzama: vinakutana vyote.

Pimeni. Alale dakika 5, pima. Asimame, pima tena dakika ya 1 na dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, mwambieni daktari. Rudieni kipimo hicho baada ya chakula cha mchana, siku mbili tatu. Kama anatumia dawa za presha ya kupanda au za tezi dume, zipelekeni zote daktari azione, baadhi ndizo zinazoshusha. Msizikate wenyewe.

Nyumbani: mlo wa mchana uwe mdogo, kilichobaki ale saa 10 jioni. Abaki amekaa baada ya kula. Kabla ya kuinuka akanyage kanyage sakafu kwa visigino mara 20, ainuke, ashike kitu, ahesabu hadi 10 ndipo aondoke. Maji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku kama hana ugonjwa wa moyo au figo, mengi yake kabla ya saa 12 jioni. Asioge maji ya moto akiwa amesimama.

Alfajiri: muulizeni daktari kama kidonge cha kwanza kinaweza kurudishwa nyuma hadi saa 11. Akikubali, kidonge na chupa ya maji vikae kichwani mwa kitanda, ameze akiwa ameketi, abaki kitandani dakika 30 hadi 45 mpaka dawa ipande. Haja ndogo haitasubiri muda huo, kwa hiyo chupa ya mkojo yenye mdomo mpana iwe imetundikwa ubavuni mwa kitanda. Hiyo peke yake inafuta safari ile iliyomwangusha mara mbili. Na saa saba kati ya kidonge na kidonge mchana ni nyingi, mwonyesheni daktari karatasi ya siku tatu aliyosema mwenzangu. Kuongeza au kupunguza ni kazi yake. Kuacha ghafla ni hatari kubwa: mwili hukakamaa, homa hupanda, mtu anaweza kufa.

Kidonge kimezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula. Protini hugombania mlango mmoja na levodopa kwenye utumbo, kwa hiyo akimeza pamoja na maharage, samaki au maziwa, dawa inachelewa au haifiki. Familia inasema "leo dawa haikufanya kazi" kumbe ni sahani. Samaki na maharage visiondolewe, mzee atakonda. Visogezwe tu, vingi viende mlo wa usiku. Kikija kichefuchefu, kipande cha ndizi au mkate mkavu kinatosha. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vikae mbali na levodopa angalau saa mbili. Tumbo likifunga siku tatu, levodopa nayo inachelewa kupita, kwa hiyo papai, mboga za majani na maji ni sehemu ya tiba hii.

Hili liandikeni kwenye kadi akae nayo mfukoni: metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kama Plasil, asipewe. Stemetil asipewe. Haloperidoli asipewe. Zinaziba dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua kwenye Parkinson, ile ile anayoitafuta kwenye vidonge, na zahanati nyingi huichoma Plasil mtu akitapika tu. Akihitaji dawa ya kutapika, daktari aulizwe kuhusu domperidoni, baada ya kuangalia moyo wake.

Upupu. Ndani ya mbegu yake mna levodopa ya kweli, jirani hakukosea kwamba ina nguvu. Hatari iko hapo hapo. Unga huo haujulikani una kiasi gani, kijiko cha leo si sawa na cha kesho, na juu ya vidonge anavyomeza unaweza kumletea kujinyonganyonga kusikozuilika, kutapika na presha kuporomoka, na hiyo presha ndiyo tunayohangaika nayo. Mshukuruni jirani, uwekeni kando, mwambieni daktari kama ameshautumia.

Dada wa Pangani

Mmeongea ya mchana, niongeze ya usiku, kwa sababu mgonjwa anayelala vibaya kesho yake anaganda zaidi.

Godoro. Sponji laini linamzamisha nyonga na hawezi kujigeuza, analala upande mmoja hadi asubuhi, anaamka amekauka. Godoro liwe gumu, na kimo cha kitanda na godoro kiwe sawa na kile cha choo. Samadari nyingi ziko juu mno, seremala akate miguu. Juu ya shuka tandika kipande cha kitambaa kinachoteleza, satini inafaa, kuanzia mabegani hadi mapajani tu, na kichomekwe vizuri chini ya godoro pande zote mbili. Sehemu ya visigino ibaki pamba, apate pa kusukumia. Ukitandika satini kitanda kizima atateremka na kuanguka wakati wa kushuka. Akilala na msuli au shati zito la pamba, nguo inashikana na shuka na kujigeuza kunashindikana, nguo ya kulalia iwe nyepesi.

Chandarua kile cha duara kinachoning'inia hadi sakafuni ni mtego. Saa 11 alfajiri mtu anatoa mguu, pindo linamzunguka kifundo. Tumia cha pembe nne, upande wa ukutani na wa miguuni uchomekwe moja kwa moja, na upande wa kushukia uwe na mpasuko wa vipande viwili vinavyopandana, anautenganisha kwa mkono bila kuinua kitu. Upande huo nao usifike chini.

Wengi wenye Parkinson hupiga ngumi na mateke usingizini wakiigiza ndoto. Meza yenye kona, glasi na taa ya chemli viondoke karibu na kichwa. Mwambieni daktari kama anafanya hivyo.

Taa: isiwe moja kubwa katikati, inatupa kivuli chake mwenyewe mbele ya miguu. Taa ndogo za kuchaji, tatu, zikae kwenye kimo cha goti: ubavuni mwa kitanda, nje ya mlango, mwisho wa korido. Za kuwaka zenyewe mtu akipita ni bora zaidi, na umeme ukikatika zinabaki.

Kanzu na koti zisitundikwe kwenye msumari mkabala na kitanda. Gizani zinakuwa mtu amesimama. Maruweruwe huja na ugonjwa huu na pia na dawa zake, na macho yanayoona hafifu yanayapa pa kuanzia. Kabatini zote. Akianza kuona watu ghafla, au kuchanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili, msiseme ni uzee: apimwe mkojo na kifua, maambukizi huanza hivyo.

Ndala ziondoke kabisa. Zinadai vidole vishike, na mguu wa Parkinson hauinuki vya kutosha. Viatu vya kufunga kisigino, soli nyembamba. Soli ya mpira mzito inanata sakafuni kama breki kwa anayeburuza miguu.

Mwana Ngamiani

Nimewaelewa. Fleti ya Dar bado ndugu wanaisukuma. Na barazani je, tumzuie?

Mnyoosha Viungo

Barazani asizuiwe. Kutembea kwenda huko, kuongea kwa sauti, kucheka, hayo ni mazoezi yake. Kirekebishwe kiti: kiwe na mikono, kigumu, kimo cha 45 hadi 47, kisiwe kile cha plastiki chepesi kinachorudi nyuma anapoinuka. Kuinuka: asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma ya magoti, ainamishe kifua mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume. Wengi wanajaribu kuinuka wima wanarudi kukaa mara nne.

Na kuna jambo la kwetu ambalo watu hawalihesabu. Mzee anatembea mtaani, kijana nyuma yake anasema "Shikamoo babu!" Adabu inamgeuza shingo, mwili unafuata, miguu imebaki, na mdomo unatafuta "marahaba". Kugeuka na kuongea akiwa katika mwendo ni mambo mawili ambayo hawezi kuyabeba pamoja. Waambieni watoto wa mtaa wamwamkie kwa mbele, na yeye azoee kusimama kwanza, aitike, amalize, ndipo aendelee. Hivyo hivyo ndani: asiulizwe swali anapopita mlangoni, wala asibebe kikombe cha chai. Chai imfuate alipokaa. Udhu atawadhe amekaa, na sala asali kwenye kiti chenye mikono. Kuinuka kutoka kusujudu ni pale pale presha inaposhuka.

Dar si pabaya kwa sababu ni Dar. Choo cha kukaa na sehemu pana ni faida. Lakini vigae vinavyong'aa huteleza vikilowa, na mistari ya giza kati ya sebule na korido mara nyingi huwagandisha, wanaiona kama shimo. Umeme ukikatika lifti ya ghorofa ya nne inamfungia juu. Na nyumba mpya, wiki za mwanzo, usiku hajui ukuta uko wapi. Hapo Tanga baada ya kazi hii mtakuwa na nyumba anayoijua gizani, na baraza lake. Mimi ningefanya marekebisho, nihesabu tena miezi miwili, ndipo nizungumze na ndugu nikiwa na karatasi mkononi.

Mwana Ngamiani

La mwisho. Akianguka, tumwinueje? Mara zote nne tumemwinua kwa makwapa.

Nesi wa Zamu

Msirudie, mabega hutoka. Kwanza mwacheni alale dakika mbili. Tazama: mguu mmoja umekuwa mfupi au unyayo umepinda kwenda nje, nyonga inauma akiguswa, amepiga kichwa, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Moja tu kati ya hayo, asiinuliwe, itafutwe gari na alazwe juu ya ubao au mlango.

Kama hayapo: leteni viti viwili vigumu. Alale ubavu, ajisukume akae, apige magoti kwa msaada wa mikono, kiti kimoja kiwe mbele yake. Mikono miwili juu ya kikalio cha kiti. Mguu wenye nguvu uje mbele, unyayo wote sakafuni. Aliye naye ashike kiunoni, kwa mkanda mpana au kikoi kilichofungwa vizuri, asishike mkono. Hesabuni pamoja, kwa tatu asukume, na mtu wa pili ausogeze kiti kingine nyuma yake akae hapo hapo bila kugeuka. Abaki ameketi dakika 5, apimwe presha, na iandikwe saa aliyoanguka na saa ya kidonge cha mwisho.